Tunakesha wote na mzee wa miaka 68, mbona ninayechanganyikiwa ni mimi?

Kijana Hoi:
Wakuu, habari zenu. Bibi yetu anaumwa, na usiku tunamwangalia mimi na baba. Mimi nina miaka 26, mzee 68. Kukipambazuka mimi ni kama msukule: nasoma maelezo kwenye chupa ya dawa mara tatu ndipo yaingie, ukinisemesha nafoka. Mzee anaoga, anakunywa chai, huyo anaendelea na shughuli zake, tena ananicheka kuwa vijana wa siku hizi ni mayai. Nafikiria nimwachie usiku wote. Ni sawa?

Babu Kidevu:
Mwachie bana. Sisi wazee usingizi ulishatukimbia zamani 😂

Nesi wa Zamu:
Pole kwa kuuguza. Unachokiona kipo kweli, wala si uzembe. Maabara huwa wanawakesha watu, kisha wanawapa kazi ya kubonyeza kitufe kila alama inapotokea. Vijana ndio huporomoka zaidi: wanachelewa, mara nyingine hawabonyezi kabisa, maana ubongo umejizima sekunde chache na macho yako wazi! Mzee huwa na kasi ndogo hata akilala vizuri, ila kukesha hakumshushi sana kutoka pale alipokuwa.

Mtu akiwa macho, ubongo unalimbikiza kemikali iitwayo adenosini, na ndiyo inayokubembeleza ulale (kahawa inaizuia kwa muda tu, haiiondoi). Kwa kijana msukumo huo una nguvu zaidi. Umri ukisogea, hata usingizi mzito wenyewe hupungua.

Lakini kuweza kukaa macho si kwamba ubongo hauumii. Uingereza walifuatilia watumishi wa serikali kwa miaka mingi, matokeo yakatoka 2021: waliozoea kulala kwa muda wa saa 6 au chini ya hapo tangu umri wa miaka 50 hadi 70 walipata demensia (kumbukumbu na akili kudhoofika) zaidi ya waliolala kwa muda wa saa 7, kwa takriban 30%. Haithibitishi kuwa usingizi ndio chanzo, ila mimi baba yangu nisingemwachia usiku wote.

Dereva Mstaafu:
Dogo, na usukani usiuguse asubuhi hiyo. Saa 17 bila kulala zinakulegeza kama mtu mwenye pombe ya 0.05% kwenye damu. Hilo lilipimwa tangu 1997.

Kijana Hoi:
Asante nesi. Kumbe! Ila mchana mzee anameza vile vidonge vya mafua vinavyolewesha ili apate usingizi. Vina shida?

Nesi wa Zamu:
Vina shida kubwa kuliko huko kukesha. Kwa umri wake vinaweza kumchanganya akili, vikamkausha mdomo, na akiamka ghafla akaanguka. Aache.

Gawaneni usiku badala ya kukesha wote. Wazee wengi husinzia mapema na kuamka mapema, itumieni hiyo. Alale saa 2 usiku, akupokee saa 8. Wewe lala mpaka saa 3 asubuhi, chumba kiwe giza. Yeye ajazie kidogo mchana, kabla ya saa 9.

Kijana Hoi:
Zamu ya saa 8 kaikubali. Vidonge kagoma, nitavificha.

Nesi wa Zamu:
Usimfiche mtu mzima dawa zake. Mpeleke kwa mfamasia aambiwe na mtu asiyekuwa mwanawe.

Babu Kidevu:
Hapo kweli. Mimi wanangu siwasikilizi ng'o.