Mume wangu kawekwa nyuma kwenye tange, tufanyeje?

Habari za jioni ndugu zangu mlioko India,

Mume wangu ni mhandisi wa serikali hapa jimbo la Karnataka, Mdalit, yaani wa tabaka lililobaguliwa tangu zamani. Alipanda cheo kupitia nafasi zilizotengwa kwa SC, ndilo jina la serikali kwa matabaka hayo. Sasa idara yake imetoa rasimu ya tange, ile orodha ya watumishi kwa ukubwa kazini, na kumweka nyuma ya watu waliopanda baada yake. Anasema ataongea na bosi yaishe. Mimi roho haitulii. Naweza kwenda mwenyewe kuulizia nyaraka?

Mdogo wenu, Hubballi

----

Pole mdogo wangu. Kuongea aongee, ila pingamizi la maandishi liwe limeshapokelewa na nakala yake kugongwa muhuri. Rasimu ina siku zake za pingamizi. Zikipita, maneno ya bosi hayatamsaidia.

Ugomvi huu ni wa siku nyingi. Mtu wa SC akipanda mapema, halafu mwenzake aliyemtangulia kuajiriwa akapanda baadaye, mkubwa nani? Mwaka 1995, kwenye kesi ya wafanyakazi wa reli, Mahakama ya Juu ilisema yule wa zamani arudi mbele. Bunge likajibu mwaka 2001 kwa marekebisho ya 85 ya Katiba: aliyepanda kwanza anaweza kubaki na ukubwa wake. Mwaka 2006 mahakama ikakubali, kwa sharti serikali ilete takwimu kwanza kwamba watu wa SC hawatoshi kwenye vyeo. Karnataka haikuwa nazo, ndipo Februari 2017 vifungu vya sheria yake ya 2002 iliyolinda ukubwa huo vikafutwa na tange zikapangwa upya. Shemeji yenu alirudishwa chini wakati huo. Asubuhi anapeleka mafaili kwa mtu aliyekuwa akimsainia likizo! Serikali ikakusanya takwimu, ikatunga sheria nyingine kama hiyo, na Mei 2019 mahakama ikaipitisha. Kwa hiyo msikubali kuambiwa "ndiyo sheria" kabla hamjaonyeshwa kifungu.

Kuhusu nyaraka: ombi la RTI, yaani la sheria ya haki ya kupata taarifa, ni rupia 10 na wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30, lakini haki hiyo ni ya raia. Sisi wageni hatumo, asaini yeye. Aombe tange za nyuma na barua za kupandishwa za wale waliowekwa mbele yake. Tange ya mwisho ikimuumiza, aende baraza la watumishi la jimbo, KSAT, ndani ya mwaka mmoja.

Dada yenu, Mysuru

----

Naongezea, maana swali la watoto litakuja tu. Kuolewa hakukupi tabaka la mumeo. Mtoto kwa kawaida huhesabiwa wa kwa baba, ila uamuzi wa 2012 unaruhusu kupinga kwa ushahidi wa alivyolelewa. Cheti chake kifuatilieni mapema.

Kaka wa Pune

----

Ahsanteni sana. Barua yake ya kupanda tunayo, tange za zamani hatuna. Pingamizi anapeleka Jumatatu. Mwenye kumjua wakili wa kesi za watumishi, Hubballi au Dharwad, aniandikie pembeni tafadhali.