Naomba ushauri: nitundike picha ya mkanda au mchoro wa mkono?

Penseli2B (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za saa hizi. Niko mwaka wa mwisho, nasomea usanifu wa michoro. Mradi wangu wa kumalizia unahusu watu wanaofanya kazi saa ambazo wengine bado tumelala: walinzi, wapakiaji mizigo, madereva wa zamu ya usiku, wafanya usafi. Nimepiga mikanda mitano ya filamu ya milimita 35, nyeusi na nyeupe, nikaisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza. Kila niliyempiga nimemchora pia kwa mkono, penseli na mkaa, kwenye karatasi ya sentimita 50 kwa 70.

Ukuta mkuu wa maonyesho una nafasi ya kazi moja tu, na msimamizi anataka jibu Ijumaa. Kazi ninayoitaka pale ni mwanamke aliyekaa kwenye ngazi, amevua viatu, ndoo iko pembeni. Ninayo picha yake na ninao mchoro wake. Nitundike kipi? Usiku wa nne huu silali vizuri. Nikifumba macho naona ukuta ule.

FundiGiza
Picha, bila kupepesa macho. Ila kwanza tuambie umepiga kwa ISO ngapi, yaani wepesi wa mkanda kunasa mwanga. Negativu ya milimita 35, ile picha iliyo kwenye mkanda wenyewe, ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ukiipeleka kwenye sentimita 50 kwa 70 umeikuza karibu mara 20, chembe zitaonekana kama mchanga. Mimi napenda mchanga huo, lakini walimu wengine hawaupendi.

Penseli2B
Asante mkuu. Mkanda ni wa ISO 400, nikausukuma hadi 1600, yaani nikaupiga na kuusafisha kana kwamba ni wa 1600, kwa sababu ilikuwa alfajiri na taa ya ngazi ni moja. Kwa hiyo vivuli vimezama. Upande wa kushoto wa uso ni weusi mtupu, hata ukipunguza muda wa kuchapa hupati kitu. Kwenye mchoro nimeurudisha upande ule. Ndiyo maana nimekwama.

Kicheko Daima
Tundika vyote viwili. Msimamizi akiuliza, mwambie ukuta umejifungua mapacha.

Mzee wa Studio
Kijana, ngoja nikueleze kitu. Nimekaa studio zaidi ya miaka 20, enzi za mkanda. Mteja akiingia alikwenda kwenye kioo kwanza. Anachana nywele, ananyoosha kola, ananiuliza akae au asimame. Kazi yangu ilikuwa taa na kuhesabu moja, mbili, tatu. Alikuja mama mmoja mwenye pengo la jino la mbele, akaniambia, "Usinipige nikicheka." Yule mama alikuwa na kicheko kizuri ajabu, na mimi kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikasubiri afunge mdomo.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Alikuwa na redio, saa za mkononi, hata pikipiki ya Vespa, ili mtu achague mwenyewe ataonekanaje. Tazameni picha zile, hakuna hata mmoja anayeonekana kama ameibiwa.

Nyuzi na Karatasi
Mimi nafundisha kuchora, kwa hiyo nina swali dogo. Upande wa kushoto wa uso umeurudisha kutoka wapi? Negativu haina kitu pale, umesema mwenyewe. Alikukalia umchore?

Penseli2B
Hapana, nimechora kwa kumbukumbu. Namwona mara kwa mara, kwa hiyo uso wake naujua. Lakini swali langu ni picha au mchoro.

Nyuzi na Karatasi
Nimelisikia swali lako. Yeye anajua kwamba yuko kwenye mradi?

Penseli2B
Wote wanajua kwamba mimi hutembea na kamera. Haikufichwa.

Dada Salama
Mdogo wangu, hilo si jibu. Hata mlangoni mwa mtu tunabisha hodi. Sasa uso wa mtu je?

Lenzi50
Jamani tusimtishe. Mpiga picha wa Marekani, Walker Evans, alificha kamera ndani ya koti akawapiga abiria wa treni za chini ya ardhi New York, kati ya 1938 na 1941. Leo picha zile zinafundishwa darasani. Nani angekaa vile kama angeombwa ruhusa? Uso wa mtu asiyejua kwamba anatazamwa haupatikani kwa kuomba.

FundiGiza
Lenzi50, malizia hadithi. Evans alikaa na picha zile, na kitabu chake kilitoka 1966. Miaka 25! Hakuzitundika wiki iliyofuata kwenye kituo kilekile.

Penseli2B
Sawa, nitasema. Niliwaomba ruhusa wote na walikubali, isipokuwa huyu. Nilipoinua kamera aliinua kiganja akafunika uso. Akasema, "Si hivi nilivyo, mwanangu." Nikatazama kidirisha cha kuhesabia, kilikuwa kwenye 36. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi mama, mkanda umeshaisha." Akashusha mkono. Akaegemea ukuta, akafumba macho. Nikajaribu kishikio cha kusogeza mkanda, nikitegemea kitagoma. Hakikugoma. Nikabonyeza. Hiyo ndiyo picha yangu bora kati ya zote nilizopiga mwaka huu, ni fremu ya 37.

Nieleweni, sikudanganya wakati nasema. Niliamini mkanda umeisha kweli. Na nilimchora ili kumheshimu, nisitumie picha aliyoikataa. Nimetumia saa 19 kwenye mchoro ule. Mchoro si picha, ni mkono wangu.

Dada Salama
Ulipobonyeza, ulikuwa bado unaamini umeisha?

Mwana Hesabu
Wakuu, mbona tunalia msibani hata maiti hatujaionyeshwa? Mkanda una picha 36, imeandikwa kwenye boksi. Huyu ana fremu ya 37. Mwanamke amefumba macho kwa wakati unaofaa, kishikio kimesogea kwa wakati unaofaa, taa ni moja. Hii ni hadithi ya kutunga, ameileta hapa tumjaribie kabla hajaandika maelezo ya ukutani.

Kicheko Daima
Duh. Na mimi nilishaanza kumpenda yule mama.

Lenzi50
Kwa kweli hata mimi nilishangaa. "Si hivi nilivyo, mwanangu" ni maneno ya kwenye tamthilia.

FundiGiza
Mwana Hesabu, kwenye hili umekosea, na nasema hivyo kwa sababu nimeshika mikanda mingi. Boksi linaahidi 36. Mkanda una urefu wa ziada mwanzoni, ule unaoungua kwa mwanga wakati wa kuweka. Ukiuingiza kwa ubahili kwenye kamera ya kusogeza mkanda kwa mkono unapata 37, wakati mwingine 38. Hata namba ambazo kiwanda kimechapa pembeni mwa mkanda hupita 36. Sijui kama kijana anasema kweli kuhusu mama yule, lakini fremu ya 37 ipo, na kila aliyepiga mkanda amewahi kuifurahia.

Mwana Hesabu
Sawa, hilo nimejifunza. Basi anijibu hili. Anamwona "mara kwa mara", uso wake anaujua hadi upande wa gizani. Kwa nini asimwendee kesho amuulize? Mtu wa kweli ana mahali anapopatikana. Huyu anapatikana wapi?

Nyuzi na Karatasi
Penseli2B, tunakusubiri.

Penseli2B
Anafanya usafi kwenye jengo letu. Zile ngazi ni za chuoni. Ukuta mkuu uko chini ya ngazi zilezile.

Mzee wa Studio
Kijana wangu.

Dada Salama
Yaani wakubwa wake watapita hapo na vikombe vyao mkononi, wamwone amelala saa za kazi, amevua viatu. Naye atapita hapo na ndoo, kila siku ya maonyesho.

Penseli2B
Hakuwa amelala. Alipumzika dakika tatu baada ya kumaliza ghorofa nne! Mradi mzima unasema hivyo, kwamba watu hawa hatuwaoni. Nikimwondoa yeye, nitakuwa nimemficha kama wanavyofichwa siku zote. Na msimamizi ameshauona mchoro, ameupenda, jina la kazi limeshaingia kwenye orodha. Na kwenye mchoro si rahisi kumtambua.

Nyuzi na Karatasi
Hapo ndipo nisikilize kama mwalimu wako. Kwenye picha nusu ya uso imezama gizani, imemficha kidogo. Wewe ukachukua saa 19, ukaitoa ile nusu gizani, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Unaposema mchoro unamlinda, unajiambia jambo ambalo mkono wako umelikanusha. Mchoro unamtaja kuliko picha.

Mpiga picha Dorothea Lange alimpiga Florence Owens Thompson kwenye kambi ya wachuma njegere, California, Machi 1936. Hakuandika hata jina lake. Picha ikazunguka dunia. Yule mama alijulikana kwa jina mwaka 1978, akasema hakupata hata senti moja, na kwamba aliambiwa picha zile hazitauzwa. Miaka 42 alikuwa maarufu bila kuulizwa. Naipenda picha ile, nimeifundisha mara nyingi, na kila mara nikifika hapo sauti yangu inapungua.

FundiGiza
Nikuongezee jambo la kiufundi. Fremu ya 37 iko mwisho kabisa wa mkanda. Unaweza kuikata peke yake bila kumgusa jirani yake. Nafikiri umeelewa kwa nini nasema hivyo.

Lenzi50
Usikate negativu! Iweke kwenye bahasha, ngoja miaka 25 kama Evans. Negativu haifufuki.

Penseli2B
Naondoka kidogo. Nitarudi.

Penseli2B
Nimerudi. Leo saa kumi na moja alfajiri nimemkuta ghorofa ya pili. Nilikuwa na picha ndogo ya ukubwa wa kiganja, niliyoichapa usiku. Mchoro niliufunika kwa karatasi laini mkaa usichafuke. Negativu nilikuwa nimeshaikata.

Nilianza kueleza mradi, hakuningoja nifike mwisho. Aliichukua picha, akaisogeza kwenye taa, akasema, "Kumbe mkanda haukuisha."

Nikasema haukuisha, mama.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliitazama negativu, akauliza kama hiyo ndiyo yenyewe na kama kuna nyingine. Nikamwambia hakuna. Akaiweka kwenye mfuko wa aproni pamoja na picha. Mchoro aliutazama muda mrefu zaidi. Nilidhani atasema kuhusu uso. Akauliza kwa nini nimechora kiatu kimoja kimepinduka, kwani yeye viatu vyake huvipanga. Nikaangalia vizuri. Kwenye picha vimepangwa. Kile cha kupinduka nilikiweka mimi, nilidhani kinaleta huzuni.

Nilimuuliza kama ningeweza kumchora tena, akae au asimame atakavyo. Alisema atanijibu Alhamisi, na huu wa sasa nisimwonyeshe mtu. Mwana Hesabu, jina lake sitalitaja hapa hata ukiniita mwongo.

Mwana Hesabu
Usilitaje. Samahani kwa maneno yangu. Msimamizi umemwambia nini?

Penseli2B
Kwamba kazi niliyomwonyesha imeondolewa, na ukuta mkuu hauna kitu kwa sasa. Amekasirika. Nimekata karatasi moja mpya, 50 kwa 70, nimeiegemeza chumbani. Kesho ni Alhamisi.