Kubuni dawa kwa kompyuta: kuna anayeifanya kazi hii humu?

Binti_Kemia
Wakuu, shikamooni. Niko mwaka wa tatu, kemia. Nataka kufanya utafiti wa dawa kwa kompyuta, ila kaka yangu anasema hiyo si kazi, nisomee ualimu. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Kuna anayeifanya humu? Alianzaje?

Mpachika_Molekuli
Marahaba mdogo wangu. Huu mwaka wangu wa tisa, na nilianza na GB 4 kama wewe.

Programu yangu ya kwanza ni AutoDock Vina, inayokisia molekuli itakavyokaa ndani ya protini (ndiko kupachika), na hadi leo naitumia. Ni ya bure. Aliiandika Oleg Trott kwenye maabara ya Arthur Olson, taasisi ya utafiti ya Scripps, California; makala yake ilitoka 2010. Huyo Olson msome vizuri. Mwaka 1978 alikuwa Harvard kwenye kundi la Stephen Harrison, lililofichua umbo la kirusi kimoja cha nyanya hadi atomu zake. AutoDock ya kwanza, iliyoitangulia Vina, aliitoa na David Goodsell mwaka 1990, macho yake yakiwa yameshazoea protini. Mimi niliruka hatua hiyo ya kuizoea protini kwanza, na iliniumiza.

Nikiwa uzamili nilipachika viambata 300 vya mmea mmoja kwenye tundu la kimeng'enya. Vingine vilipata alama chini ya -9 (ikishuka zaidi, ndivyo kiambata kinavyotabiriwa kushika vizuri), nikashangilia. Maabara ikapima 6, hakuna hata kimoja kilichofanya kazi. Nilikuwa nimeweka hidrojeni vibaya kwenye histidini, asidi amino mojawapo ya mle tunduni. Miezi minne ikaenda. Kompyuta haikunionya, kwa sababu yenyewe inapiga hesabu ya kile ulichoipa.

Kwa hiyo usianze na mwarobaini. Pakua 1HSG kutoka PDB, hazina ya bure ya maumbo ya protini: ni protisi ya VVU, yaani kimeng'enya chake kinachokata protini, iliyoshika indinavir, dawa ya VVU. Itoe indinavir, halafu iachie Vina iirudishe yenyewe. Ikitua ndani ya angstromu 2 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) kutoka pale ilipokuwa, endelea. GB 4 zinatosha kabisa.

Famasia_Moro
Kuhusu ajira, mwambie kaka aangalie H3D, kituo cha kutafiti dawa cha Chuo Kikuu cha Cape Town. Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, aliianzisha 2010, na kiambata chao cha malaria, MMV390048, kilifika hadi kujaribiwa kwa binadamu. Ila nafasi ni chache, dada, na wanataka mtu anayeijua kemia yenyewe. Usiache maabara.

Binti_Kemia
Asanteni sana. Nimejaribu jana usiku. Mara ya kwanza indinavir ilikaa nje kabisa, kumbe kisanduku cha kutafutia nilikiweka pembeni. Mara ya pili imeingia! Lakini kuna molekuli moja ya maji katikati ya indinavir na protini, kama imezishikanisha. Niitoe au niiache?

Mpachika_Molekuli
Umeyaona maji siku ya kwanza! Mimi ilinichukua mwaka. Fanya zote mbili, kisha utuletee alama na picha hapa.