Nimchague nani anitengenezee tovuti ya kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro?

mgumu_wa_machame

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, Pasua. Nilianza mlimani kama mgumu, yaani mpagazi, nikabeba mizigo njia ya Machame mpaka nikawa mwongoza wageni, na sasa nina kampuni yangu ndogo, leseni imeshatoka. Wateja wangu karibu wote wanakuja kwa kuambiana, wengi Wajerumani. Mgeni niliyempandisha kwa njia ya Lemosho aliniandikia kwamba rafiki zake walinitafuta Google wasinione, wakalipia kampuni nyingine. Imeniuma sana.

Nimeomba bei kwa watu watatu. Kijana wa hapa mjini anataka laki tatu na nusu, kila kitu ndani, wiki moja kazi imekwisha. Dada mmoja wa Arusha amesema milioni moja na laki mbili, na aliniuliza maswali mengi kabla ya kutaja bei. Kampuni ya Dar ni milioni mbili na laki nane, wametuma proforma iliyopangwa vizuri kweli. Kazi za nyuma za wote watatu zinapendeza. Najua rahisi ni ghali, lakini mtu nisiyejua mambo ya kompyuta niangalie nini hasa?

fundi_wavuti

Mkuu, hongera kwa leseni. Kazi hii naifanya Arusha, wateja wangu wengi ni kampuni za safari na hoteli ndogo. Sikuombi kazi, nakuambia ninayokutana nayo.

Kabla ya rangi na picha, waulize wote watatu: jina la tovuti litasajiliwa kwa nani? Tovuti ikiharibika inajengwa upya. Jina likiwa la mtu mwingine, huna kitu. Ukitaka .co.tz, unasajili kupitia wakala anayetambuliwa rasmi na unalipia kila mwaka; .com nayo ina mawakala wake. Mwenye jina aandikwe kampuni yako kama ilivyo BRELA, kule kampuni zinakosajiliwa, na baruapepe iwe yako wewe, siyo ya fundi. Taarifa za kulipia zinakwenda huko, na anayeishika baruapepe hiyo ndiye anayeweza kubadili pasiwedi au kulihamisha jina.

Niliwahi kuitwa na hoteli moja ndogo. Aliyewatengenezea tovuti alipata ajira mbali, akabadili namba ya simu. Jina lilikuwa kwenye akaunti yake, muda wake ukaisha Julai, msimu umechanganya. Tovuti ikazima, na baruapepe zao zote zikazima nayo, maana zilitumia jina hilohilo. Wageni waliokwisha kulipa wakawa wanaandika bila kujibiwa. Vipeperushi, kadi, maandishi kwenye milango ya magari, vyote vikabaki na anwani iliyokufa. Sidhani yule fundi alikusudia kuwaibia. Hakuna aliyeandika popote kitu gani ni cha nani.

Halafu hizo kazi za nyuma, usiziangalie tu, zitumie. Fungua tovuti aliyowatengenezea wengine, jaza fomu ya mawasiliano kama mgeni, ulizia safari ya njia ya Marangu ya siku sita. Baadaye mpigie mwenye kampuni, umuulize kama ujumbe ulimfikia. Fomu nyingi hutuma ujumbe kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, moja kwa moja, bila kupitia akaunti halisi ya baruapepe, kwa hiyo Gmail inautilia shaka na kuutupa kwenye takataka. Mwenye biashara analalamika msimu mbaya, kumbe watu wanaandika!

Na picha. Kuna tovuti ya kampuni ya huko kwenu imeweka mbele picha kubwa ya mahema, nyuma yake vile vibendera vya rangi wanavyofunga Himalaya. Mgeni aliyejiandaa mwaka mzima kwa safari hii anaona mara moja kwamba hapo siyo Kilimanjaro. Wewe una picha za ukuta wa Barranco na za wagumu wako wakipimiwa mizigo getini isizidi kilo 20. Weka hizo. Wageni wengi wanataka kujua wagumu wanalipwaje na wanalala wapi. Hilo liandike mwenyewe, uliyebeba, hakuna fundi atakayelijua kukuzidi.

Huyo dada alikuuliza nini?

mpwani_diani

Ndugu yangu, la kwangu ni moja. Zifungue kazi zao kwa simu ya kawaida, kwa bando, siyo kwa WiFi ya ofisini kwao. Yangu ya kwanza ilikuwa na picha zilizotoka kwenye kamera moja kwa moja, kila moja megabaiti tano na zaidi. Mgeni akisubiri ifunguke, ashaondoka. Google wana chombo cha bure, PageSpeed Insights, unaweka anwani kinakuonyesha hali ilivyo kwenye simu na kinachochelewesha.

mgumu_wa_machame

Asanteni sana. Nimewauliza wote. Kijana kasema jina litakaa kwake ila nisiwe na wasiwasi. Kampuni ya Dar wamesema jina ni langu, lakini tovuti itakaa kwenye mfumo wao wenyewe na nitalipa kila mwezi. Dada kasema nisajili mwenyewe, atanielekeza kwa simu. Maswali yake yalikuwa: wageni wanatoka nchi gani, nani atawajibu usiku, bei yangu inajumuisha nini, na kwa nini mtu anichague mimi kati ya kampuni zote za Moshi. La mwisho lilinikalisha. Huo mfumo wa Dar ni mbaya?

fundi_wavuti

Siyo mbaya, ila ni kupanga, siyo kujenga. Waulize: nikiondoka naondoka na nini? Kama jibu ni jina peke yake, maana yake siku mkikosana unaanza upya. Tovuti ya WordPress, kwa mfano, programu yenyewe ni ya bure na fundi mwingine anaweza kuipokea ilipofikia. Cheti cha usalama, kile kinacholeta https kwenye anwani, nacho wasikuuzie kwa bei kubwa, Let's Encrypt wanatoa bure.

Mimi ningemchukua dada. Aliyekuuliza kwa nini uchaguliwe ndiye aliyeanza kazi tayari. Kurasa za Kijerumani asizitafsiri kwa mashine akaziacha hivyohivyo. Mmoja wa wageni wako wa zamani atazisoma kwa furaha.

Mkataba ukurasa mmoja unatosha: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, nani analipia seva mwaka wa pili, na pasiwedi zote unakabidhiwa lini. Mpe sehemu mwanzoni, sehemu ukishaona tovuti ya majaribio. Ya mwisho ishike mpaka ujaze fomu mwenyewe na ujumbe uingie kwenye simu yako.