Mjadala: Mzungu wa Quebec kujiita "mweusi", alikuwa na haki hiyo?

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikaa rohoni tangu nihamie huku Montreal, jimbo la Quebec, Kanada, naomba tulibishanie hapa. Povu ruksa, matusi hapana.

Kuna mzee nafanya naye zamu ya usiku ghalani. Mzaliwa wa hukuhuku Quebec, Kifaransa chake kizito mpaka mwaka wa kwanza nilikuwa naitikia tu bila kuelewa. Usiku mmoja tuko mapumziko, kikombe cha kahawa mkononi, akaniambia: "Unajua, sisi nasi tulikuwa weusi wa nchi hii." Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Kesho yake akaniletea kitabu kilichochakaa, mgongo umeshikiliwa na selotepu: Nègres blancs d'Amérique, cha Pierre Vallières. Weusi weupe wa Amerika. Ila huyo "mweusi" wa hapo si mweusi wetu wa kawaida. Ni lile neno la dharau walilobandikwa babu zetu kuanzia melini hadi mashambani.

Kwa msiomjua, Vallières alizaliwa 1938, mtoto wa mfanyakazi wa karakana za reli za Angus, hapa Montreal. Alikulia ng'ambo ya mto, kwenye mtaa wa vibanda vya mbao na karatasi za lami, bila maji ya bomba wala mifereji ya maji machafu. Msione chumvi. Tume ya serikali ya Kanada iliyochunguza suala la lugha mbili ilipanga makundi 14 ya watu wa Quebec kwa kipato cha mwaka 1961, na Wafaransa, yaani wenyeji wa hukuhuku wenye asili ya Ufaransa, ambao ndio wengi, wakawa wa 12. Kwao kabisa! Mabosi walikuwa Waingereza, na anayeongea Kifaransa mahali pasipofaa aliambiwa aongee "lugha ya weupe", yaani Kiingereza. Mzee wangu anasema baba yake aliambiwa hivyo dukani, yeye akiwa kamshika mkono.

Vallières akawa mwandishi wa habari, akamsoma Marx na Frantz Fanon, yule mwandishi mweusi aliyepinga ukoloni, kisha akaingia FLQ, kundi lililotaka kuikomboa Quebec kwa mabomu. Hapa mashabiki wake huwa wanapita haraka, mimi sipiti. Mwaka 1966 bomu la kundi hilo lilimuua Thérèse Morin, mfanyakazi wa miaka 64, kwenye kiwanda cha viatu kilichokuwa na mgomo. Miezi miwili baadaye Jean Corbo, kijana wao wenyewe wa miaka 16, akalipukiwa na bomu alilokuwa analitega. Vallières na mwenzake Charles Gagnon wakakimbilia New York, wakagoma kula mbele ya jengo la Umoja wa Mataifa, wakakamatwa. Kitabu kiliandikwa rumande huko Manhattan, kikatoka 1968. Mwaka huohuo akahukumiwa maisha kwa kifo cha yule mama, rufaa ikaifuta hukumu, na 1970 akatoka. Mwaka 1971 aliachana na silaha, na baadaye akageukia uchunguzi wa historia, akachimbua kifo cha waziri Pierre Laporte, aliyetekwa na FLQ mwaka 1970.

Sasa hoja yangu. Umaskini wake naukubali wote. Ninachokataa ni lile neno, kwa sababu alilikopa kwa watu aliojifanya hawapo. Kwenye utangulizi anasema Quebec haina "tatizo la weusi". Haina? Mwaka 1960, miaka minane kabla yake, mwanahistoria Marcel Trudel, naye Mfaransa wa hukuhuku, alikuwa ameshachapisha utafiti wa utumwa katika Kanada ya Wafaransa. Alikuta watumwa kama 4,000: wengi wenyeji wa asili, waliobaki wenye asili ya Afrika. Mmoja wao, Marie-Josèphe Angélique, alinyongwa hapahapa Montreal mwaka 1734 akidaiwa kuuchoma mji.

Na tusiende mbali hivyo. Karakana za Angus zilikuwa za kampuni ya reli ya Canadian Pacific. Kampuni hiyohiyo iliajiri wanaume weusi wa mtaa wa Little Burgundy kama wapagazi wa mabehewa ya kulala: kutandika vitanda, kubeba mabegi, kung'arisha viatu vya abiria usiku kucha. Kwa hiyo "mweusi" aliyemtafuta kwenye vitabu alikuwa kwenye treni zilizotoka karakana ya baba yake. Hakumwona.

Halafu Oktoba 1968, mwaka uleule wa kitabu, weusi wenyewe walikutana Montreal kwenye kongamano la waandishi weusi. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Jamaika, alikuwepo. Aliporudi Jamaika alizuiwa kushuka kwenye ndege, na mwaka uliofuata alikuwa tena Dar, Mlimani, akifundisha. Hao hawakuhitaji mtu wa kuwaazima jina.

Lakini msinishangilie mapema. Mwaka 2020 watangazaji wa redio ya taifa ya Kifaransa walikitaja kichwa cha kitabu hiki mara nne kwenye kipindi kimoja. Msikilizaji akalalamika, na 2022 mamlaka ya utangazaji ikaiamuru redio iombe radhi kwa maandishi. Mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo 2023. Hapo niko upande wa redio. Kuna wenzangu weusi huku hawataki kunisikia kwa hilo, na nawaelewa. Neno hilo ukitupiwa barabarani, hukumbuki habari za vitabu. Ila kichwa hicho ndicho ushahidi wangu. Kikishageuka "kile kitabu cha miaka ya sitini", nitamwonyeshaje mtu alipokosea Vallières?

Nilimwambia mzee yote haya. Angélique hakumjua. Wapagazi anawakumbuka, tena vizuri. Akanyamaza hadi kengele ya kurudi kazini, kisha akasema: "Sawa. Lakini baba yangu hakumiliki mtumwa. Alimiliki baiskeli." Hapo alinibana, na sijapata jibu mpaka leo.

Swali la pili ni la kwenu wajuzi wa lugha. Kingetafsiriwa Kiswahili, jaladani tungeandika nini? "Weusi weupe" haichomi, maana kwetu mweusi si tusi. "Watumwa weupe" ni chumvi, baba yake Vallières alikuwa analipwa mshahara. Mimi navutwa na "Manamba weupe", nikiwakumbuka wale wa mashamba ya mkonge walioitwa kwa namba. Ila nikiandika hivyo nitakuwa nimemsafishia Vallières jina, neno aliloiba halitaonekana tena. Watu wa Tanga, ambao babu zenu walikuwa manamba kwelikweli, mngeniruhusu?