Picha za utotoni kando ya garimoshi: tupeane uzoefu

Binti wa Kota
Ndugu wanajamvi, salamu. Juzi, nilipokuwa nikipanga vitu vya marehemu mama, nilikuta ndani ya bati la biskuti picha ya watoto watatu waliopigwa pamoja na injini ya garimoshi katika stesheni ya Voi, ambako baba alikuwa fundi. Aliyeipiga ni karani mmoja Mhindi aliyekuwa na kamera ya boksi, na kwa kuwa alitaka jua limpige mgongoni, sote tumekunja nyuso kana kwamba tumelambishwa ndimu. Aliyepandishwa juu ya injini ni kaka yangu, wa chini kushoto ni mimi, na wa tatu simkumbuki. Kuna kibao kinachoanza kwa neno "Mount", lakini jina lenyewe la mlima limezibwa na kichwa cha kaka. Wenye picha au kumbukumbu za namna hii naomba tupeane uzoefu, na anayeweza kuutambua mlima huo nitamshukuru.

Mzee wa Spana
Dada, hiyo ni Garratt, injini ndefu ya mvuke, ya daraja la 59. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, zikaanza kuletwa mwaka 1955, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki; kwa hiyo picha yako haiwezi kutangulia mwaka huo. Zilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, zikichoma mafuta mazito, na kazi yao kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Mount Gelai, namba 5918, bado ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Wenye picha nyingine watazame herufi zilizochorwa kwenye injini: KUR (Reli ya Kenya na Uganda) ni ya kabla ya mwaka 1948, na EAR (Reli za Afrika Mashariki) ni ya baada ya reli za Kenya na Uganda kuunganishwa na ile ya Tanganyika.

Mwana Tabora
Mafuta gani, mzee? Garimoshi lilikuwa likila kuni, na kuni hizo nimezipanga kwa mikono yangu mwenyewe.

Mzee wa Spana
Hayo ni ya reli ya kati, nami nimetaja reli ya Mombasa. Soma kwanza, ndugu yangu, halafu ubishe.

Mjukuu wa Saranda
Babu anasema, nami naandika kama anavyosema.

Picha hiyo imenirudisha Saranda, mwaka 1957, nilipokuwa na miaka tisa. Garimoshi la Kigoma liliposimama, watoto tulikimbilia madirishani na masinia ya kuku na mayai ya kuchemsha, na tulijua kwamba wa daraja la tatu watanunua baada ya kubishana bei, na wa daraja la kwanza, yaani Wazungu, aghalabu watatutazama tu. Siku hiyo mmoja wao aliniita kwa kidole. Akachukua paja la kuku, kisha akaniashiria nirudi nyuma hatua mbili, akatoa kamera. Nikasimama wima, sinia kichwani, kama alivyotaka. Mara filimbi ikalia. Nikarukia dirisha lake kuidai thumni yangu, huku mabehewa yameanza kujivuta. Mkono mmoja ulishika sinia na mwingine ukashika chuma cha mlangoni, changarawe zikateleza chini ya miguu, nikaburuzwa. Ninachokikumbuka hadi leo ni yale magurudumu yaliyopita karibu na sikio langu, moja baada ya jingine, yakigonga kila penye maungio ya reli. Maumivu yalikuja baadaye. Gadi, aliyekuwa akilingoja behewa lake la mwisho, ndiye aliyenivuta kwa shati. Goti lilichanika hadi mfupa ukaonekana, kuku wote walikuwa mchangani, na mama alipofika aliuliza kwanza thumni iko wapi. Basi huko Ulaya kuna albamu yenye mtoto wa sinia, amesimama vizuri kabisa.

Mama Wawili
Mama zetu wote walikuwa hivyo hivyo.

Mwana Tabora
Shikamoo babu. Yule Mzungu hakurusha hata senti kumi ile yenye tundu?

Mjukuu wa Saranda
Marahaba. Babu anasema alipunga mkono.

Mpita Njia
Pole sana, babu, ingawa kuku mwenye sifa alikuwa wa Itigi.

Mjukuu wa Saranda
Babu ameagiza nisijibu.

Mwalimu Mstaafu
Kisa hiki ndicho sababu nasema picha hizi zichomwe moto. Mtoto aliwekwa pale kama rula, ili mtazamaji aone ukubwa wa mashine. Tazama, hata hapa tunaulizana jina la injini, na nyuma ya picha hakuna jina la mtoto hata mmoja.

Binti wa Kota
Mwalimu, nakuheshimu, lakini picha ya kaka yangu haichomwi. Ndiyo pekee tuliyo nayo ya utoto wake.

Mama Wawili
Ipeleke ikagandishwe ndani ya plastiki, itadumu.

Mzee wa Spana
Usithubutu! Plastiki ile ikishashika haitoki tena. Andika majina nyuma kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino, na usiifute kwa kitambaa chenye maji. Bati nalo hushika unyevunyevu, hasa kwa walio pwani.

Mpita Njia
Bati limeitunza karibu miaka sabini. Ushauri wangu ni kwamba biskuti ziliwe, bati libaki.

Binti wa Kota
Nimekwisha andika majina mawili kwa penseli. Huyo wa tatu amevaa kaptula iliyomzidi, imefungwa kwa kamba ya mkonge, na ameshika kitu kama gurudumu la waya.

Msafiri wa Taveta
Dada, samahani kwa kuingia nikiwa nimechelewa. Je, sikio lake la kulia limekunjika kwa juu? Sisi tulikaa kota za chini, na kaptula za kaka yetu zilikuwa za baba, zikikatwa. Usiandike kitu bado. Dada yetu mkubwa yuko hai, kesho asubuhi nampelekea simu aione.