Naomba ushauri: natafuta asili ya babu yetu, mtoto wa mlowezi wa Kijerumani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Babu mzaa mama alizaliwa Usambara muda mfupi kabla ya vita ya 1914. Mama yake alikuwa Msambaa wa Mlalo. Baba yake mlowezi wa Kijerumani mwenye shamba la mkonge karibu na Mombo, enzi Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Baada ya vita Wajerumani walirudishwa kwao, mtoto akabaki na wajomba zake. Babu amefariki akiulizia baba yake hadi siku za mwisho, na hilo ndilo linanisukuma.

Wazee wa ukoo wanalitamka jina la yule Mjerumani kwa namna tatu tofauti, kwa hiyo sijui hata liandikwe vipi. Kwenye kitabu cha ubatizo cha Kilutheri nimemkuta babu na mama yake, ila nafasi ya baba imeachwa wazi. Nimefika pia Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Majalada ya Wajerumani yapo, lakini mwandiko ule wa zamani umenishinda kabisa.

Naombeni mnisaidie mambo mawili. Nianze na kumbukumbu za Waingereza za mashamba yaliyochukuliwa kama mali ya adui, au niandikie moja kwa moja Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani), Berlin, yaliko majalada ya Wizara ya Makoloni? Na je, kuna anayeweza kusoma mwandiko huo wa Kijerumani? Gharama nitabeba mimi.

Natanguliza shukrani.